Friji la Msimbati na gridi ya Afrika: Mitandao ya nishati ya kikanda inaifikiaje Mtwara?

Tanzania imejiunga na mitandao miwili mikubwa ya umeme ya Afrika kwa wakati mmoja. Mmoja una makao Addis Ababa, mwingine Harare. Juu ya hapo, ina mguu mmoja Kampala na mwingine Windhoek, kwenye vituo viwili vya kikanda vya nishati jadidifu. Kwenye karatasi, ni nchi chache Afrika zenye nafasi ya namna hiyo.

Lakini ukishuka hadi Mtwara, kuanzia mjini, ukapita Madimba na Msimbati mpaka kule mto Ruvuma unakomwaga maji yake baharini, maswali ni ya kawaida kabisa. Umeme utaacha kukatika lini? Na vikao vya Kampala na Windhoek vinamhusu nini mama anayeuza samaki?

Jibu fupi ni kwamba vinamhusu, ila si kwa njia ambayo wengi wanadhani. Waya mkubwa wa umeme ndio unaopigiwa kelele, lakini kinachoweza kumfikia mapema zaidi ni kanuni ya friji.

Twende taratibu.

Kwa nini nchi ziunganishe umeme?

Umeme hauna ghala la bei rahisi. Ukizalishwa, lazima utumike saa ileile, au uwekwe kwenye betri ambazo kwa kiwango cha nchi bado ni ghali. Nchi ikibaki peke yake inalazimika kujenga mitambo ya kutosha kwa ile siku moja yenye matumizi makubwa kuliko zote, halafu sehemu ya mitambo hiyo inakaa tu siku zilizobaki. Nchi zikiungana, aliyezidiwa anaazima kwa jirani.

Ulaya ya kaskazini waliliona hili mapema. Mwaka 1996 Norway na Sweden zilianza kuuziana umeme kwenye soko moja, na baadaye Finland na Denmark zikaingia. Norway ina maji mengi milimani, Denmark ina upepo mwingi. Upepo ukivuma kwa nguvu Denmark, Norway inaweza kuacha maji yake yatulie kwenye mabwawa na kununua umeme wa upepo. Upepo ukilala, maji yanafunguliwa.

Ndiyo maana nishati jadidifu na mitandao ya kikanda huzungumzwa pamoja. Jua huzama, upepo hutulia, mvua huchelewa, lakini ni nadra yote hayo yatokee kila mahali kwa siku moja. Mtandao ukiwa mpana, mapungufu ya sehemu moja yanafunikwa na nyingine.

Kuna siasa pia ndani yake. Februari 2025 Estonia, Latvia na Lithuania zilijitoa kwenye gridi waliyokuwa wakichangia na Urusi tangu enzi za Sovieti, na siku iliyofuata zikaungana na gridi ya bara la Ulaya. Hawakubadilisha mitambo yao usiku ule. Walibadilisha wanamtegemea nani.

Kwa Afrika, nchi za SADC ndizo zilitangulia. Mtandao wao wa kuuziana umeme, unaojulikana kama SAPP, uliundwa mwaka 1995 na una soko ambako mashirika ya umeme yananunua na kuuza. Wa mashariki, EAPP, ulianza mwaka 2005. Tanzania iliingia EAPP mwaka 2010, na hapo pana jambo la kuchekesha kidogo: EAPP ni taasisi iliyo chini ya COMESA, jumuiya ambayo Tanzania yenyewe ilijitoa mwaka 2000. Ilitoka kwa mlango wa biashara, ikarudi kwa dirisha la umeme.

Tanzania ni kiungo cha katikati

Ukitazama ramani utaona kwa nini Addis Ababa na Harare zote zinaitaka Tanzania. Haiwezekani kuunganisha mashariki na kusini mwa Afrika kwa njia nyepesi bila kupita hapa.

Upande wa kaskazini kazi imeshafanyika. Njia ya kilovoti 400 kutoka Singida hadi Isinya nchini Kenya, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 500, iliwashwa Desemba 2024. Kenya nayo imeunganishwa na Ethiopia kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000 ambayo ilianza kupitisha umeme wa biashara mwaka 2022. Kwa maana hiyo, bwawa la Ethiopia na taa ya Singida sasa viko kwenye mnyororo mmoja.

Upande wa kusini-magharibi upo mradi wa TAZA, unaotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, na kuvuka kwenda Zambia. Benki ya Dunia, Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Umoja wa Ulaya wote wameweka fedha. Ukikamilika, EAPP na SAPP zitakuwa zimeshikana mikono, na mahali pa kushikana ni mpaka wa Tunduma.

Halafu kuna ushirikiano wa siku nyingi ambao hauna jina kubwa. Kagera kwa miaka mingi ilitumia umeme wa Uganda. Rukwa ilitumia wa Zambia. Rusumo, kwenye mto Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kituo cha maji cha megawati 80 na kugawana sawa, karibu megawati 27 kila mmoja.

Ukizitazama hizo sehemu utagundua kitu. Mikoa ya pembezoni ilipata umeme wa jirani pale ambapo jirani alikuwa na waya wenye nguvu karibu na mpaka. Mtwara haikupata jirani wa namna hiyo.

Mtwara: gesi inatoka, umeme unakatika

Ng'ambo ya Ruvuma ni Cabo Delgado, Msumbiji. Msumbiji ina bwawa la Cahora Bassa, mojawapo ya makubwa barani, lakini bwawa hilo liko mbali magharibi kwenye mto Zambezi, na sehemu kubwa ya umeme wake tangu zamani imekuwa ikienda Afrika Kusini. Kaskazini ya nchi hiyo ni mwisho wa waya, kama Mtwara ilivyo mwisho wa ramani ya Tanzania. Juu ya hapo, mashambulizi ya wapiganaji yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017, pamoja na lile la Palma la Machi 2021, yamefanya mipango mingi ya kuvuka mto isubiri. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, lakini liko mbali juu, Mtambaswala wilayani Nanyumbu, na ni la magari.

Kwa hiyo mwisho wa waya mmoja unatazamana na mwisho wa waya mwingine, katikati ni mto.

Na ndani ya nchi? Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ikakaa chini miaka zaidi ya ishirini bila kutumika, hadi katikati ya miaka ya 2000 ilipoanza kuzalisha umeme wa Mtwara yenyewe. Mitambo hiyo ya mjini, yenye megawati 18 mwanzoni, ililisha Mtwara na sehemu kubwa ya Lindi kama kisiwa, nje ya gridi ya Taifa. Kisiwa cha umeme kina tabia moja mbaya: mtambo mmoja ukiugua, hakuna pa kuazima. Mji mzima unajua.

Kwenye pwani ya Mtwara Vijijini kuna kijiji kinaitwa Mgao. Kwingineko nchini neno hilo ni ratiba ya kukatiwa umeme. Wenyeji wa Mtwara hawahitaji kueleweshwa utani huo.

Wakati huohuo bomba la gesi lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 lilijengwa kuelekea Dar es Salaam na kuzinduliwa mwaka 2015. Kabla ya hapo, kuanzia maandamano ya Desemba 2012 hadi vurugu za Mei 2013, watu wa Mtwara walipinga gesi kuondoka wakiwa bado hawajaona faida yake. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa. Hiyo si historia ya mbali. Kijana aliyekuwa darasa la saba mwaka ule leo ni baba wa familia.

Mradi wa kuiunganisha Mtwara na gridi unapita Songea, Tunduru na Masasi. Songea yenyewe iliingia gridi baada ya njia ya kutoka Makambako kukamilika, kwa msaada mkubwa wa Sweden, na kuzinduliwa mwaka 2019. Njia hiyo ikiendelea hadi pwani, maana yake ni kwamba umeme wa maji wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa na jumla ya megawati 2,115, unaweza kuwasha taa Mikindani, na umeme wa gesi ya Mtwara unaweza kwenda kusaidia Ruvuma au Njombe.

Je, umeme nao 'utaondoka' kama gesi?

Hili ndilo swali ambalo wataalamu wa gridi hulipita haraka, na si sawa kulipita.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alisema, akiwa Kilimanjaro, kwamba serikali ina mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Mitandaoni moto ukawaka. Watu waliuliza: si juzi tu tumeambiwa bwawa la Nyerere lina umeme wa kutosha na kubaki?

Maelezo ya kitaalamu yapo na yanaeleweka. Umeme ukisafiri mbali, sehemu yake hupotea njiani kama joto kwenye nyaya. Bwawa liko Rufiji. Arusha na Kilimanjaro ziko mwisho wa njia ndefu. Kununua kutoka upande wa karibu kunaweza kuwa nafuu kuliko kusukuma wa kwako kutoka mbali, huku wewe ukiuza wa ziada sehemu nyingine. Ndivyo soko la umeme linavyofanya kazi kila mahali, Norway na Denmark zikiwemo.

Ila mtu wa Mtwara anasikia maelezo hayo kwa sikio la 2013. Akiambiwa 'tutauza ziada kwa majirani', swali lake la kwanza ni nani amepima hiyo ziada, na je, imepimwa kabla au baada ya yeye kuwashiwa? Mkataba wa EAPP au SAPP haujibu swali hilo. Mitandao hiyo inasimamia umeme unaovuka mpaka kati ya nchi na nchi. Nani ndani ya nchi anawashiwa kwanza ni uamuzi wa serikali, TANESCO na EWURA. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunafanya mijadala mingi iishie kwenye lawama zisizo na anuani.

Mtandao wa pili, usio na nguzo

Sasa tuje kwenye ile miguu ya Kampala na Windhoek.

Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua kituo cha umahiri cha nishati jadidifu na matumizi bora ya nishati, EACREEE, kilichopo Chuo Kikuu cha Makerere. SADC nayo ina chake, SACREEE, Windhoek nchini Namibia. Vyote viwili ni sehemu ya familia ya vituo vya namna hiyo iliyojengwa kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na kwa kiasi kikubwa fedha za Austria. Afrika Magharibi wana cha kwao Praia, Cape Verde, kilichoanza mwaka 2010.

Vituo hivi havijengi mabwawa wala havisimamishi nguzo. Vinafundisha wataalamu, vinakusanya takwimu, vinaandaa miradi ya kuombea fedha, na, jambo ambalo halina picha nzuri ya kuweka gazetini, vinaandika viwango vya pamoja.

Hapo ndipo unapoingia mradi unaoitwa EELA. Unaendeshwa na UNIDO kupitia vituo hivyo viwili kwa fedha za Sweden. Lengo lake ni kwamba nchi za Afrika Mashariki na za SADC ziwe na kiwango kimoja cha chini cha ufanisi kwa taa na vyombo vya umeme kama friji na viyoyozi. Friji likila umeme kupita kiwango hicho, lisiuzwe. Na kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa jumuiya zote mbili, ndiyo inayoumia zaidi viwango vikitofautiana: friji linalokataliwa upande mmoja litaingia kwa upande mwingine.

Friji moja, uniti 75

Kwa nini friji? Chukua mfano wa mchuuzi wa samaki pale Msimbati. Kijiji kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilomita za mraba 650. Samaki akitoka majini ana saa chache tu. Bila baridi, njia ni kumuuza harakaharaka kwa bei ya mnunuzi, kumkaanga, kumkausha au kumbanika. Kukaanga na kubanika kunataka kuni, na kuni za karibu kwenye maeneo ya delta ni pamoja na mikoko, ambayo ndiyo malezi ya samaki haohao wakiwa wadogo.

Kwa hiyo friji kwake ni mtaji. Lakini aina ya friji ndiyo inayoamua kama mtaji utabaki.

Wateja wadogo wa majumbani wa TANESCO wako kwenye kundi linaloitwa D1. Ukitumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, unalipa bei ya chini: ile ambayo elfu moja inakupa uniti nane na kitu. Ukizidisha na kuhamishiwa T1, elfu moja hiyohiyo inakupa uniti mbili na pointi nane.

Sasa piga hesabu. Friji la mtumba lenye raba za mlango zilizochoka na kompresa ya zamani linaweza kula uniti mbili na nusu kwa siku. Zidisha kwa siku 30. Unapata 75. Friji peke yake limemaliza uniti zote za D1 kabla hujawasha taa hata moja, hujachaji simu, hujafungulia watoto redio. Ukiwasha kingine chochote mwezi mzima, umeshavuka.

Uniti 75 kwa bei ya D1 ni kama shilingi 9,000. Kwa T1 ni karibu 27,000, na kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU hatujaihesabu.

Friji dogo jipya lenye ufanisi mzuri linaweza kutumia chini ya uniti moja kwa siku. Yaani chini ya 30 kwa mwezi. Nyumba inabaki D1, na zinabaki uniti za kutosha kwa mambo mengine. Hakuna bwawa jipya lililojengwa, hakuna nguzo iliyosimamishwa, lakini kwa mfuko wa mtu huyo umeme umeshuka bei mara tatu.

Kwa gridi ni vilevile. Mitambo ya Mtwara inayozidiwa jioni inazidiwa na vitu kama hivyo. Kila friji linalookoa uniti moja na nusu kwa siku ni mzigo uliotolewa kwenye mtambo.

Tatizo ni kwamba friji bovu ndilo la bei rahisi siku ya kununua. Nchi za Ulaya zilianza kubandika lebo za ufanisi kwenye vyombo vya umeme katika miaka ya 1990, na mwaka 2021 zikakaza upya madaraja ya A hadi G. Vyombo ambavyo huko vimepitwa na wakati havifi vyote. Vingine hupanda meli. Ghana ililiona hilo na tangu 2013 ikaanza kukamata kwa vitendo mafriji yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Watu walilalamika mwanzoni, hasa wauzaji.

Na ukiwa mbali na nguzo?

Kwa vitongoji vya ufukweni na visiwa vidogo ambako nguzo ni ghali kufika, friji na sola ni hesabu moja.

Paneli ya wati 100, kwa makadirio ya saa tano za jua zuri, inatoa kama nusu uniti kwa siku. Friji dogo lililotengenezwa kwa ajili ya sola linaweza kuishi kwa kiasi hicho. Lile la uniti mbili na nusu linahitaji paneli tano kama hizo kwenye siku nzuri, na betri kubwa ya usiku. Hapo mtu anakata tamaa na sola, wakati kosa halikuwa la sola.

Halafu kuna suala la vifaa feki. Paneli imeandikwa wati 100, inatoa 60. Betri inakufa mwaka wa kwanza. Upepo wa chumvi wa pwani hauna huruma: viunganishi vinashika kutu, fremu inaliwa, nyaya zinakuwa kijani. Msimu wa kusi unapovuma ndio fundi anagundua nani alifunga vizuri.

Hapa pia mtandao wa kikanda umeshafanya kitu. Benki ya Dunia na IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa mwaka 2007, ukazaa utaratibu wa kupima taa na vifaa vidogo vya sola ambao tangu 2020 unaitwa VeraSol. Chuo Kikuu cha Nairobi kina maabara ya kupima taa hizo. Bidhaa ikipimwa na kupita, matokeo yanawekwa wazi na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyatafuta. Ni kazi ya pamoja ya aina ambayo nchi moja ingeumia kuifanya peke yake, maana kila nchi kuwa na maabara yake kamili kwa kila kifaa ni gharama isiyo na sababu.

Utafiti uko wapi?

Tuwe wakweli, uko mbali na Mtwara. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina kituo cha umahiri cha maji na nishati endelevu. Chuo cha Ufundi Arusha kina kampasi ya nishati jadidifu Kikuletwa, mkoani Kilimanjaro, chini ya mradi wa kikanda wa vyuo vya ufundi unaozihusisha Tanzania, Kenya na Ethiopia. Chuo Kikuu cha Moi nchini Kenya na Chuo Kikuu cha Rwanda navyo vina vituo vyao. Kenya ina mafunzo ya jotoardhi Naivasha, lakini jotoardhi si habari ya pwani ya kusini.

Kwa ushirikiano na Ulaya, mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ni LEAP-RE, ulioanza mwaka 2020 na kukusanya taasisi zaidi ya 80 za Ulaya na Afrika kutafiti nishati jadidifu pamoja. Utaratibu wake unataka washirika wa mabara yote mawili wakae meza moja. Ni mzuri, ila una upande wa pili: anayejua kuandika maombi ya fedha ndiye anayepata, na wanaojua wako kwenye vyuo vikubwa vya mijini.

Mtwara, hata hivyo, haianzi sifuri kwenye utafiti. TARI Naliendele, nje kidogo ya mji, ni kituo cha utafiti wa korosho kinachojulikana nje ya mipaka. Mkulima wa Tandahimba hahitaji kuambiwa faida yake. Mbegu bora na mbinu za kupambana na ubwiriunga zimetoka pale. Ni ushahidi kwamba kituo cha utafiti kikiwa karibu na mwenye tatizo, tatizo linafanyiwa kazi.

Na korosho yenyewe ni nishati. Karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na ganda lina mafuta yanayowaka vizuri sana. Viwanda vingi vya kubangua duniani huchoma maganda hayo kwenye boila zao. Moshi wake ni mkali na unataka tanuri lililosanifiwa vizuri, kwa hiyo utafiti unahitajika. Lakini korosho nyingi za kusini bado zinapanda meli zikiwa ghafi, na nishati ya ganda inaenda kuwasha boila za India na Vietnam.

Kwa nini kanuni inachelewa?

Kwa sababu kiwango cha kanda hakina meno peke yake. EACREEE na SACREEE zinaweza kuandika waraka mzuri, wataalamu wa nchi zote wakaukubali, na bado friji bovu likapita bandarini kesho yake. Mpaka nchi ikiingize kiwango hicho kwenye kanuni zake, TBS ipewe vifaa na watu wa kukagua, na ofisa wa forodha awe na lebo ya kusoma, waraka unabaki waraka.

Tanzania ina mpango wa matumizi bora ya nishati unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kutekelezwa na Wizara ya Nishati pamoja na UNDP, na viwango vya vyombo vya umeme ni sehemu ya kazi hiyo. Kuna wanaoogopa kwamba kanuni kali zitapandisha bei ya friji na kumfungia nje mtu wa kipato cha chini. Hoja hiyo ina uzito. Mchuuzi wa Msimbati halipi tu umeme, analipa kwanza friji lenyewe, kwa pesa taslimu. Bila mkopo mdogo au malipo ya awamu kama yale ya sola za kulipia kidogokidogo, kiwango kipya kinaweza kumwacha bila friji kabisa na kumrudisha kwenye kuni.

Kwa anayetaka kununua friji mwezi huu, bila kusubiri kikao chochote: tafuta lebo, mara nyingi iko ndani ya mlango au nyuma, na uangalie namba iliyoandikwa kWh kwa mwaka. Hizo kWh ndizo uniti. Gawanya kwa 12 upate za mwezi. Ikiwa 360, ni uniti 30 kwa mwezi. Ikiwa 900, ni 75. Kama ni la mtumba na lebo imebanduliwa, mwombe muuzaji aliwashe, kisha funga karatasi kwenye mlango na uivute; ikitoka kirahisi, raba zimekwisha. Na kama tayari liko nyumbani, zima kila kitu kingine kwa saa 24, soma uniti za LUKU kabla na baada.